Tangi la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma: kwa nini nimeliondoa kwenye stoo ya thina

Kwa kuwekea maji, hili tangi ni la nyota nne kati ya tano. Kwa kuwekea thina sina nyota ya kulipatia, na nasema hivyo baada ya kulitumia kwa thina miezi kumi na saba.

Nina karakana ya fanicha Kizota, hapa Dodoma. Tunatengeneza vitanda, milango na makabati ya jikoni, na karibu kila kitu kinachotoka kwetu kinapulizwa vanishi iliyochanganywa na thina. Mwezi wenye kazi nyingi tunamaliza thina lita 300 hadi 400. Tangu mji uanze kujengwa kwa kasi, karakana za aina yetu zimeongezeka, na wenzangu wengi wananipigia simu kuuliza kama wanunue lile tangi jeupe lililotumika, lenye kizimba cha vyuma na koki chini. Jibu la simu huwa fupi na linaacha mambo. Kwa hiyo nimekaa leo niandike yote.

Kabla ya tangi, thina yangu ilikuwa inakuja kwenye madumu ya njano ya lita 20, yaliyobebea mafuta ya kula. Kila aliyewahi kuyatumia anajua shida yake: kifuniko kinalainika, dumu linabonyea, na likilala kwenye gari linavuja hadi unapokea lita 17 badala ya 20. Stoo ikawa na madumu thelathini yaliyopangana, hakuna anayejua lipi limejaa na lipi lina mabaki tu. Machi 2022 nikaenda Dar es Salaam kwa muuzaji wa vyombo vilivyotumika, nikachukua tangi moja kwa shilingi 280,000, na usafiri hadi Dodoma nikalipa 60,000.

Nitalisifia kwanza panapostahili. Linakaa kwenye paleti yake, nafasi ya mita 1.2 kwa mita moja tu, na kimo chake hakifiki mita 1.2. Likiwa tupu lina kilo kama 60, watu wawili wanalisogeza. Plastiki yake unaona kimiminika kimefika wapi, na pembeni kuna mistari ya lita. Koki ya chini inamwaga karibu yote. Hakuna kuinamisha, hakuna kunyonya kwa mpira mdomoni, tabia ambayo imewaharibu mapafu mafundi wengi. Nilipoanza kununua lita 1,000 kwa mkupuo, bei ya lita ilishuka, na nilijiona nimepiga hatua kubwa.

Mwezi wa tatu wa kulitumia, washa ya mpira ndani ya koki ikavimba, ikaanza kudondosha. Nikabadilisha, ya pili nayo ikavimba. Thina yetu ina toluini na asetoni ndani yake, na hizo zinakula mpira wa kawaida. Plastiki yenyewe nayo haikuwa salama kama nilivyodhani. Kuta zake zilianza kulainika ukizibonyeza kwa kidole, na hata kifuniko na koki vikiwa vimefungwa vizuri, stoo ilinuka thina kila asubuhi. Toluini inapenya plastiki ya aina hiyo polepole. Nilikuwa nafungua mlango, naacha hewa ipite nusu saa, kisha naendelea na kazi.

Kwenye kizimba kuna kibati kilichogongwa maandishi. Nilikiona siku ya kununua nikadhani ni namba ya kiwanda. Sasa najua kukisoma, na naomba kila atakayenunua akisome kabla ya kutoa pesa. Kinaanza na duara lenye herufi u na n ndani yake, alama ya Umoja wa Mataifa ya vyombo vya kubebea bidhaa za hatari. Baada yake langu liliandikwa 31HA1. Tarakimu 31 ni chombo kigumu cha kimiminika, H ni plastiki ya ndani, A ni chuma cha nje. Halafu inakuja herufi X, Y au Z inayoonyesha hatari ya kiasi gani chombo kimepimwa kuihimili, na X ndiyo ya juu. Halafu mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Matangi ya plastiki ya aina hii yanaruhusiwa kubeba vimiminika vya hatari kwa miaka mitano tu tangu yatengenezwe, na katikati, kila miaka miwili na nusu, lazima yakaguliwe. Langu lilikuwa la 2015. Siku naambiwa "hili bado jipya, mama", lilikuwa na miaka saba.

Lebo ya kilichokuwemo mwanzo ilikuwa imebanduliwa. Hilo peke yake lilitosha kunifanya niondoke pale dukani, lakini sikuondoka.

Sasa nifike Agosti 2023.

Anayeijua Dodoma anaijua Agosti yake: upepo, vumbi, ngozi inapasuka, na usiku ukivua sweta unasikia inatatarika gizani. Huo mtatariko ni umeme tuli. Kijana wangu mmoja, wa miaka ishirini na mbili, alikwenda stoo kuchukua thina ya kupulizia milango. Alichukua ndoo ya plastiki yenye mpini wa waya, akaitundika kwenye koki, akafungua ikajaa karibu nusu. Akafunga koki. Aliposhika mpini ainue ndoo, akasikia "ta!" ndogo sana, na mdomo wa ndoo ukawaka.

Hakukuwa na sigara. Hakukuwa na kiberiti wala waya wa umeme uliochunika. Taa ya stoo ilikuwa imezimwa.

Aliiachia ndoo ikae chini badala ya kuirusha, na fundi wa rangi aliyekuwa mlangoni akachukua kipande cha ubao wa MDF akaifunika. Moto ukakosa hewa ukafa. Hayo mawili, koki iliyokuwa imeshafungwa na ndoo ambayo haikumwagika, ndiyo yaliyotenganisha siku ile na msiba, maana nyuma ya ndoo palikuwa na lita kama 600. Mkono wake wa kulia uliungua kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Tuliumwagia maji ya bomba dakika ishirini nzima kabla ya kumpeleka hospitali, na daktari alisema maji yale yalisaidia sana. Mama yake alikuja kesho yake kutoka Bahi kwa basi la asubuhi. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alikaa pembeni ya kitanda akaushika ule mkono mwingine wa mwanawe, na mimi nilisimama pale nikiwa najua mwaka wa lile tangi.

Afisa wa Zimamoto aliyekuja kukagua ndiye aliyenieleza vizuri. Kimiminika kama thina kikipita kwenye koki na kudondoka, kinajikusanyia umeme tuli. Chombo cha chuma kilichounganishwa na ardhi kinaupeleka chini na unaisha. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo unabaki pale pale, kwenye kimiminika na kwenye ndoo. Mpini wa waya umezungukwa na plastiki pande zote, nao unajaa. Anayekuja kuugusa anakuwa ndiye njia ya kwendea ardhini. "Mama, mpini ndio uliokuwa kiberiti," aliniambia. Ukanda wa pwani hewa ina unyevu na umeme huo hupungua wenyewe kidogo kidogo, lakini hata huko mtu asiutegemee unyevu umlinde.

Na thina haihitaji joto ili itoe mvuke wa kuwaka. Asetoni inaweza kushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Toluini, nyuzi 4. Petroli, karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli ndiyo inayotaka joto la zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujaweza kushika kirahisi. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuweka dizeli ya jenereta kwenye tangi hili bila tatizo hawezi kunipa ushauri wa thina au petroli.

Jambo jingine alilonionyesha ni hesabu ya sakafu. Stoo yangu ni mita tatu kwa mbili, na mlangoni nilijenga kizingiti cha sentimita 10 ili kinachomwagika kisitoke nje. Mita za mraba 6 mara sentimita 10 ni lita 600. Tangi lina 1,000. Moto ukilifikia tangi la plastiki, ukuta unayeyuka ndani ya dakika chache na vyote vilivyomo vinashuka kwa pamoja, kwa hiyo lita 400 zingepita juu ya kizingiti zikiwaka, kuelekea karakana yenye mbao na watu kumi na mmoja. Kanuni inayotumika ni kwamba eneo la kukinga liweze kushika ujazo wa chombo kikubwa kuliko vyote pamoja na asilimia kumi juu yake. Mimi nilijenga kizingiti kwa kukadiria kwa macho.

Kwa haki niseme yapo matangi ya umbo hilo hilo yaliyotengenezwa maalumu kwa vimiminika vinavyowaka, yenye tabaka la nje linalopitisha umeme na sehemu ya kufungia waya wa athi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Yapo pia ya chuma kitupu. Yale meupe ya kawaida tunayouziwa yakiwa yametumika si ya aina hiyo.

Nilichoweka badala yake ni mapipa mawili ya chuma ya lita 200, yaliyogongwa 1A1, yaani chuma, yenye mdomo wa kizibo na si kifuniko kizima. Nilinunua mapya. Pipa moja linapokuwa wazi linatumika, la pili limefungwa. Pipa likipasuka, kizingiti changu kinabeba yote bila shida.

Pampu ya mkono ya kuzungusha ya kwanza niliinunua 85,000 na nisingemshauri mtu: washa zake zilivimba zikaliwa ndani ya miezi mitano, na tukaanza tena kupata matone sakafuni. Ya pili ina mwili wa chuma na washa za tefloni, 210,000. Ina mwaka na nusu sasa, haijadondosha. Ukinunua pampu ya thina, muulize muuzaji washa ni za nini. Akikosa jibu, ondoka.

Waya wa athi ndio sehemu ya bei ndogo iliyonifundisha mengi. Fundi umeme alichimbia fimbo ya shaba nje ya stoo, akaleta waya wa shaba uliosukwa hadi ndani, wenye koleo mbili zenye meno. Moja inashika pipa, nyingine inashika kopo linalojazwa, ili vyote viwili na ardhi viwe kitu kimoja kabla thina haijatiririka. Wiki ya kwanza tulibana koleo juu ya rangi ya bluu ya pipa tukaona tumemaliza. Fundi alipopima na mita yake, hakuna kilichokuwa kinapita. Rangi inakinga. Ikabidi tukwangue hadi chuma king'ae. Udongo wetu ni mkavu mno, kwa hiyo alizungushia fimbo mkaa na chumvi, na kuanzia Juni hadi mvua zinyeshe tunaimwagia maji kila Jumatatu. Koleo inafungwa kabla ya kufungua chombo, na inatolewa baada ya vyombo vyote kufungwa. Mpira wa pampu unafika chini kabisa ya kopo, thina isidondoke kutoka juu na kurukaruka.

Mtu asiridhike kwa kuwa chombo chake ni cha chuma. Tarehe 29 Oktoba 2007, kwenye ghala la Barton Solvents mjini Des Moines, Marekani, mfanyakazi alikuwa anajaza ethili asetati, kimiminika kinachowaka kirahisi kama thina, kwenye tangi la chuma la galoni 300, zaidi kidogo ya lita 1,100. Alitundika uzito wa chuma kwenye mdomo wa mpira ili usichomoke, akafungua, akasogea pembeni. Akasikia mlio, akageuka, tangi linawaka. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba mdomo ule wa kujazia na vyuma vyake havikuwa vimeunganishwa na ardhi. Niliposoma hivyo nilirudi stoo nikahesabu kila kipande cha chuma kinachokaribia mdomo wa pipa letu, pamoja na faneli.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kopo la usalama la lita 10, la bati nene, lenye kifuniko cha springi kinachojifunga chenyewe ukiachia mkono, na wavu wa waya mdomoni unaozuia mwali kuingia ndani. Nililipata Dar kwa muuzaji wa vifaa vya usalama, 190,000. Mafundi waliliona ghali kwa kopo. Lakini likianguka halimwagi, na mchana kutwa karakana haina tena ndoo iliyo wazi. Nyota tano. Nimeagiza la pili.

Mapipa yana kasoro zake. Huoni ndani, kwa hiyo tunapima kwa ufito wa mbao uliowekewa alama. Likijaa thina lina kilo karibu 195, na bila toroli ya mapipa mtu ataumia mgongo au mguu. Mshono wa chini unashika kutu likikaa kwenye sakafu yenye unyevu, kwa hiyo yetu yamekaa juu ya mbao. Na halitakiwi kujazwa hadi mdomoni. Mara moja tuliletewa lililojaa kabisa, limesafiri siku nzima juani kwenye gari la wazi. Lilifika likiwa limevimba juu na chini kama chapati ya kwenye kikaango. Tuliliacha kivulini hadi kesho yake asubuhi, na hata hapo tulilegeza kizibo robo ya mzunguko, tukasubiri lipumue, ndipo tukaendelea. Sasa nimemwambia muuzaji aache nafasi ya angalau lita kumi, na nipo tayari kulipia lita 190.

Gari linaloniletea linapita Msamvu, Morogoro, pale lori la mafuta lilipopinduka tarehe 10 Agosti 2019, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya 100 wakafa. Dereva wangu wa sasa nimemchagua kwa sababu moja: nilipomuuliza atafanya nini pipa likianza kuvuja njiani, jibu lake la kwanza lilikuwa kuwaondoa watu.

Pia nilitoboa matundu ya hewa chini ya kuta za stoo, karibu na sakafu, kwa sababu mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kutambaa chini. Dirisha nililokuwa nimeweka juu lilikuwa linatoa joto tu. Swichi ya taa imehamishiwa nje. Mtungi wa kuzimia moto wa poda upo nje ya mlango na si ndani, ili mtu asilazimike kuingia kwenye moto kuufuata, na namba 114 ya Zimamoto imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

Mapipa yakiisha siyauzi tena kwa wachomeleaji. Wananiomba sana, wanatengenezea majiko na vyombo vya kuhifadhia nafaka. Pipa lililoisha thina limejaa mvuke, na mvuke huo ukichanganyika na hewa kisha ukakutana na cheche za grainda unalipuka kuliko pipa lililojaa. Tunafunga vizibo, yanarudi kwa muuzaji kujazwa tena.

Kijana wangu amepona. Ana kovu, na vidole viwili vinakakamaa asubuhi za baridi. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa stoo sasa, kwa hiari yake, na hakuna anayepewa thina kabla ya koleo kufungwa.

Tangi lenyewe lilikaa uani mwezi mzima, kifuniko na koki vikiwa wazi, mbali na karakana. Mwezi uliofuata jirani mmoja anayefanya biashara ya bodaboda akaja kuniuliza bei. Alitaka kuwekea petroli nyumbani kwake, awe anawauzia vijana wake usiku vituo vikifungwa. Akafika hadi 250,000, karibu bei niliyonunulia. Ana watoto wanne wanaolala chumba kinachopakana na ua wake. Nilimkaribisha chai, nikampeleka stoo, nikamwita kijana aje amwonyeshe mkono. Kesho yake tulilisuuza lile tangi kwa sabuni, maji yake tukayaweka kwenye dumu la mabaki ya thina na si mtaroni, tukafungua nati za kizimba na kulitoa lile tumbo la plastiki. Tulilitoboa matundu kumi na mawili kwa keekee ya mkono. Kizimba tumekibakiza, kimekaa nyuma ya karakana, tunapangia mabanzi ya mninga.